Kinywa cha Mama Mkwe

Siku Tshibola aliposhuka kwenye treni pale Kolwezi, kapu la mihogo mikavu kichwani na tumbaku yake imefungwa kwenye pindo la kitenge, mkwewe Badibanga aligeuka akautazama ukuta wa stesheni mpaka mama alipopita. Huo ndio ulikuwa ukaribisho wake, na ulikuwa ukaribisho mzuri. Watu wa kwao Kasai waliokuwapo walimwangalia wakaridhika. Mtu huyu amesoma, suruali yake imenyoshwa kwa pasi, anakula kwa uma, lakini adabu hajaisahau. Mume wa binti hamtazami mama mkwe usoni, hali chakula mbele yake, wala hasemi naye ila kwa kupitia mtu mwingine. Na mtu huyo mwingine alikuwa Ndaya, binti wa mmoja na mke wa mwenzake.

Kijijini adabu hiyo ina nafasi ya kutosha. Kuna njia ya kuchepukia, kuna uwanja, kuna nyumba ya mama kule na ya mkwe huku. Lakini katika kambi ya wachimba madini kampuni ilijenga nyumba za matofali zenye vyumba viwili na mlango mmoja, kwa sababu mzungu aliyezichora hakujua kwamba binadamu huwa na mama mkwe. Basi Badibanga alitundika blanketi kati ya vyumba. Kila akirudi kazini alianza kukohoa tangu kwenye bomba la maji, ili mama apate muda wa kujificha. Majirani walimcheka. "Munganga, ujipe dawa ya kukohoa!" walimwambia, naye alicheka pamoja nao, kwa maana kikohozi kile kilimletea sifa.

Tshibola alikuja kumsaidia binti yake kujifungua. Mtoto alizaliwa salama, akaitwa Laurentine, na bibi yake akabaki. Ndaya hakutaka aondoke. Baba yake alikwisha kufa, ndugu zake walikwisha kufa, na kati ya watu wote waliomjua akiwa mtoto alibaki huyu mmoja tu, mwembamba, mwenye maneno mengi, aliyetwanga mihogo nyuma ya nyumba huku tumbaku imetuna shavuni. Tumbaku ile aliinunua kwa wanawake wa Mutshatsha walioileta kwa treni. Aliibana kati ya ufizi na shavu upande wa kushoto, akailaza pale kutwa nzima. Alifanya hivyo tangu kabla Ndaya hajazaliwa.

Sasa inafaa ijulikane Badibanga alikuwa nani pale kambini. Alikuwa mwuguzi wa dispensari, na kazi yake hasa ilikuwa meno. Munganga wa meno wa kizungu alikuwepo mjini, lakini huyo alikuwa wa wazungu. Vinywa vya wachimbaji vilikuwa vya Badibanga. Alishika koleo kila asubuhi, na kila jino alilolitoa aliligeuzageuza kwenye mwanga, akaliangalia mzizi, ndipo alipolitupa kwenye ndoo. "Jino inasemaka," alizoea kusema, na kwa kweli alikuwa anayasikia.

Mukendi alikuwa shahidi wa hilo. Huyu Mukendi wa mashine za kutoboa mwamba alikuja siku moja akitaka atolewe jino linalotikisika. Badibanga alimtia kioo kinywani, akaona jino zima lisilooza, na kando yake kidonda chenye kingo ngumu. Akamwuliza kama kinauma. Hakiumi. Akamwuliza kama mdomo wa chini una ganzi, akampapasa shingo, kisha akaweka koleo chini akaenda kumwita daktari mkubwa. Ilikuwa kansa. Mukendi alipelekwa hospitali ya Elisabethville, akakatwa kipande cha taya, akarudi na shavu lililobonyea na uhai wake. Tangu hapo kila wakikutana alivua kofia. Daktari naye alimsifu Badibanga mbele ya wauguzi wote, kwamba ugonjwa ule huja umevaa nguo za jino bovu, na wengi wangeling'oa tu jino wakamtuma mtu nyumbani kufa.

Kwa hiyo mtu angedhani kwamba Tshibola amefika kulala nyumba ileile na mganga wake. Ndaya alidhani hivyo.

Jino lilianza kutikisika wakati wa kiangazi. Tshibola alimwonyesha binti yake huku wanachambua majani ya sombe, akalisukuma kwa ulimi, likacheza. "Haiume," alisema. "Ni kama kitu ya mutu mwingine iko mu kinywa yangu." Ndaya alimwinamia akaona, pale ilipolala tumbaku, doa jeupe na pembeni yake nyama nyekundu iliyochubuka. Hakuona zaidi ya hapo, maana hakujua cha kutafuta.

Jioni alimwambia mumewe, akimwita kwa jina la mtoto.

"Tata Laurentine, jino ya mama inatikisika."

"Mama ni mukubwa," alijibu Badibanga, macho yake yako kwenye sahani. "Meno ya bakubwa inatikisikaka. Mwambie akule bitu ya mulaini."

Ndivyo alivyosema, na hakukosea sana. Kama mgonjwa angekuwa mama wa mtu mwingine angemwita benchini, angemfumbua kinywa, na maneno yale yasingemtoka. Lakini huyu hakuwa na benchi. Kampuni ilimhesabu mke wa mfanyakazi na watoto wake, basi. Mama mkwe alikuwa mgeni wa ruhusa, na ruhusa ile haikuwa na daktari ndani yake. Asingefika kwa daktari mkubwa ila kwa neno la mwuguzi, na mwuguzi mwenyewe ndiye huyo aliyekuwa nyuma ya blanketi.

Ndaya alingoja. Kidonda hakikupona. Mama aliendelea kusema hakiumi, tena kwa kujivunia, kama mtu anayesifia mtoto asiyelia. Na hapo ndipo Ndaya alipofanya lile jambo.

Alikuwa amekaa mara nyingi kwenye benchi la dispensari na mtoto mgongoni, akamwona mumewe akifanya kazi. Aliyesema "inanisumbua kidogo" alipewa aspirini akaambiwa aende zake. Aliyeshika shavu akapiga kelele aliingizwa kwanza. Mama yake hakupiga kelele. Basi Ndaya alimpigia. Jioni moja, mama yake akiwa bombani, akatia chumvi, kama kila mke anavyotia chumvi akitaka mume mzito ainuke kwenye kiti.

"Mama anaumwa sana, Tata Laurentine. Analia. Shavu imevimba, na usaha inatoka."

Shavu lilikuwa limevimba kidogo, hilo ni kweli. Usaha alikuwa hajauona. Kilio hakikuwepo kabisa, na mume aliyeshinda kazini asingejua. Lakini Badibanga aliweka uma chini, akaanza kuuliza maswali, na Ndaya alifurahi kwa kuona kwamba dawa yake imefanya kazi kabla ya dawa ya mume. Inauma akitafuna? Ndiyo. Inapiga kama moyo? Ndiyo, inapiga. Kila swali alilijibu ndiyo, na kila ndiyo ilimpeleka mumewe mbali zaidi na ugonjwa wenyewe. Mwisho Badibanga akatikisa kichwa kwa uhakika. Uvimbe, usaha, maumivu ya kupiga. Ni jipu la mzizi wa jino. Ameyaona mamia.

Kesho yake alileta chupa ya maji ya zambarau ya kusukutua. Kisha akamtuma mwenzake Kalombo, mwuguzi wa vidonda, ambaye hakuwa mkwe wa mtu yeyote pale, aje amchome mama sindano za penisilini. Na uvimbe ukapungua! Hapo ndipo penye uchungu. Uchafu ulikuwa umeingia kwenye kidonda kweli, na penisilini iliufukuza. Iliwafukuza wapangaji ikamwacha mwenye nyumba. Tshibola aliona shavu limeshuka, akawaambia majirani kwenye bomba kwamba mkwe wake ni munganga wa kweli, kamponya bila hata kumwangalia. Maneno hayo yalizunguka kambi nzima, na Badibanga alipoyasikia alinyosha mabega.

Mvua zilipoanza uvimbe ulirudi. Badibanga aliamua jino litolewe. Si kwa mkono wake, jamani. Kalombo alikuja Jumamosi, baada ya watu kugawiwa posho, akamketisha mama kwenye kigoda nyuma ya nyumba huku Badibanga ametoka amekwenda kanisani kwa mazoezi ya kwaya. Kalombo alijiandaa kuvuta kwa nguvu. Hakukuwa na haja ya nguvu. Jino lilitoka kama limechomekwa kwenye ugali wa bukari.

"Mama ameonea haya koleo yangu," alisema Kalombo akicheka, akanawa mikono, akaenda kuchukua samaki wake wa chumvi kabla hawajaisha.

Ndaya alibaki na jino kiganjani. Lilikuwa zima. Lilikuwa na weusi wa tumbaku kwa juu, lakini chini, hadi kwenye ncha za mizizi, lilikuwa safi kama la msichana. Ndaya hakuwa mjinga. Alikuwa mke wa mtu wa meno. Alijua kwamba jipu la mzizi haliachi mzizi namna ile, na alijua kwamba mumewe akiligeuza mara moja kwenye mwanga atauliza kitu. Alisimama nalo mlangoni akamsikia Badibanga anakuja, anakohoa tangu bombani.

Mambo mawili yalimshika. La kwanza lilikuwa aibu, aibu ya kweli ya watu wake: kitu kilichotoka kinywani mwa mama, chenye damu na mate yake, akiweke mkononi mwa mkwe? Wanawake wa kwao wangemtemea mate. La pili lilikuwa dogo na baya zaidi. Jino safi lingesema kwamba yeye, Ndaya, alidanganya. Akalifukia kwa kidole cha mguu kwenye udongo laini kando ya ukuta wa jiko.

"Ilitoka muzuri?" aliuliza Badibanga.

"Ilitoka."

"Ilikuwa ya kuoza?"

"Ya kuoza kabisa," alisema Ndaya.

Badibanga aliridhika. Watu huridhika upesi na jibu walilolitegemea.

Tundu la jino halikufunga. Tundu hufunga, hata la mzee, hata la mlevi. Hili lilijaa nyama ya kuvimba iliyotoka damu kwa kuguswa na mswaki. Krismasi ilipita. Tshibola alianza kunywa chai ikamchuruzika kidevuni bila yeye kujua, mpaka Ndaya amfute. Chini ya taya kulitokea kivimbe kigumu kama kokwa. Na kukaja harufu. Hiyo harufu Tshibola aliijua kabla ya watu wengine, akaanza kujifunga kitambaa mdomoni, akaongeza tumbaku ili iifiche. Majirani waliompenda kwa maneno yake walianza kukumbuka kazi kila alipokaribia bomba.

Ndaya sasa aliogopa. Alimfuata mumewe nje, akamwambia bila kuzunguka.

"Umuangalie mama, Tata Laurentine. We mwenyewe, na macho yako."

Badibanga alishtuka. "Mi? Niangalie mu kinywa ya mama mukwe? Unasikia bile unasema?"

"Unaangaliaka vinywa ya bantu bote."

"Bantu bote habakuzaa muke wangu. Bantu ya kwetu batasema nini? Mama mwenyewe atakufa na haya."

"Atakufa na kitu ingine!" alisema Ndaya. "Kama ni haya, toa mbuzi. Kwetu kuko mbuzi ya kufungua macho. Umupatie mama mbuzi, haya inaisha, unaweza kumuangalia, unaweza hata kukula naye. Tata yangu alimutolea bibi yangu. Juu ya nini we hapana?"

Na ni kweli, mbuzi huyo alikuwepo katika desturi. Tusiisingizie desturi kwamba iliweka ukuta usio na mlango. Wazee waliokataza mkwe kumtazama mama mkwe walijua kwamba kuna siku ya moto na siku ya ugonjwa, wakaweka mbuzi kwa ajili ya siku hizo. Badibanga alimjua mbuzi huyo vizuri. Lakini mwaka ule alikuwa anangoja kadi. Serikali ilikuwa inawapa wachache, waliostaarabika kama ilivyosemwa, kadi ya kuonyesha kwamba si washenzi tena, na kabla ya kadi walikuja wazungu kukagua nyumba, kuangalia meza na vijiko na kitanda, kuuliza majirani. Mbuzi mlangoni, na wazee wa Kasai wameketi kumshuhudia, si kitu ambacho mtu wa kadi angependa kiandikwe juu yake.

"Shefu wa kambi haruhusu mbuzi mu kambi," alisema. "Na mambo ile ni ya kijiji."

"Na kukohoa ku bomba ni ya wapi? Ya Buleya, kwa bazungu?"

Neno hilo halikumsogeza. Hivyo ndivyo alivyokuwa Badibanga. Katika desturi alichukua ile nusu iliyompa sifa bila kumgharimu, na ile nusu ya pili, iliyokuwa na mbuzi ndani yake na ambayo ingemwokoa mtu, aliiita ushenzi. Ndaya alimchukia siku hiyo. Alimchukia kwa haki, na angemchukia kwa haki zaidi kama chini ya ukuta wa jiko kusingekuwa na jino.

Maana angeweza kusema. Angeweza kumwambia: haikuuma, jino lilikuwa zima, nilikudanganya. Maneno machache tu, na yule bwana angeruka kama alivyoruka kwa Mukendi, kadi au bila kadi. Kila asubuhi Ndaya aliamka akiwa ameyapanga maneno hayo, na kila jioni yalikuwa bado yamepangwa.

Yalitoka yenyewe Jumapili moja, saa ya chakula cha mchana. Badibanga alikuwa anakula upande wake wa blanketi, Tshibola amekaa upande wake na mtoto mapajani. Katika nyumba ya vyumba viwili kila mtu alikuwa anamsikia kila mtu, siku zote. Adabu ilikuwa kujifanya kwamba husikii. Tshibola alikuwa anamwimbia Laurentine. Ulimi wake ulikuwa mzito, maneno yalitoka yamelowana, yanateleza upande mmoja. Badibanga alisimamisha uma hewani. Sauti ile aliwahi kuisikia. Ndivyo alivyokuwa anaongea Mukendi kabla hajapelekwa Elisabethville.

"Mama Laurentine," aliita. "Kuya hapa."

Ndaya alikuja akasimama penye blanketi.

"Mulombe mama. Siku ile jino ilianza kutikisika, iliuma?"

"Iliuma," alisema Ndaya.

"Sikukulomba we. Mulombe yeye."

Ndaya alifungua kinywa lakini hakuwa na haja ya kuuliza. Upande wa pili wimbo ulikuwa umekatika. Tshibola alijibu, akielekeza maneno kwa binti yake kama inavyotakiwa, kwa sauti ya kusikika.

"Mwambie haikuuma. Ata siku moja. Nilikuambia we, Ndaya, haiume."

"Mulombe kama kulikuwa usaha."

"Usaha ya wapi? Kulikuwa kidonda."

"Na jino, ilikuwa ya kuoza?"

"Mwambie ilikuwa muzima. Ndaya aliishika mu mukono."

Badibanga hakumtazama mkewe. Aliendelea kuuliza, polepole, yaleyale aliyomwuliza Mukendi. Mdomo wa chini unasikia? Nusu yake imelala. Shingoni kuna kitu? Kuko kitu, ngumu, haiume. Kwa majibu yale pasingebaki hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ambaye asingejua. Alipomaliza aliweka mikono kwenye magoti, na bukari ikapoa mbele yake.

"Ndaya," alisema Tshibola nyuma ya blanketi. "Ulikuwa unamwambiaka nini?"

Ndaya alilia. 

Jumatatu Badibanga alimwendea daktari mkubwa, akasimama mbele ya meza yake na kofia mkononi, akamwombea mama ruhusa. Alipata. Tena alipata kwa urahisi, na hilo lilimwumiza kuliko kama angenyimwa. Tshibola aliletwa akaketishwa kwenye kiti cha chuma, Ndaya pembeni yake. Badibanga alisimama dirishani amewapa kisogo. Daktari alivaa glavu, akafungua kitambaa, akarudisha kichwa nyuma kwa ile harufu.

"Badibanga, njoo ushike taa," alisema kwa Kifaransa.

Badibanga hakusogea.

"Umeziba masikio? Taa!"

Akaja. Akashika taa. Na kwa kuwa mtu hawezi kumulika asipopaangalia, aliangalia. Tshibola alimwona mkwewe uso kwa uso kwa mara ya kwanza katika maisha yake, kinywa chake kimefumbuliwa kwa vidole vya mzungu, akafumba macho kwa nguvu, na machozi yakamtoka pembeni. Ndaya alijua kwamba mama halii kwa ajili ya kifo. Alilia kwa aibu, na katika aibu yote Ndaya aliyoiona maishani mwake hakuna iliyomkata kama ile.

Daktari alipapasa shingo, akavua glavu, akanawa muda mrefu.

"Imeingia kwenye mfupa na shingoni. Wakati wa kiangazi ningempeleka Elisabethville. Sasa hawatampokea." Kisha akamgeukia mwuguzi wake. "Wewe ndiye uliyeniletea Mukendi. Huyu analala nyumbani kwako. Hukuwahi kumwangalia kinywani?"

"C'est ma belle-mère, docteur," alisema Badibanga. Ni mama mkwe wangu.

Daktari alimkodolea macho, kisha akacheka kidogo puani, akasema jambo kuhusu desturi za watu weusi na jinsi zinavyowaua. Hakusema lolote kuhusu kampuni ambayo haikumhesabu bibi huyu kuwa ni mtu wa kuangaliwa. Badibanga alikubali kwa kichwa, ndiyo daktari, ndiyo daktari. Hakumtaja mkewe. Ndaya alingoja amtaje, angependa amtaje. Badibanga aliizima taa akaitundika mahali pake.

Baada ya hapo blanketi liliteremshwa, Laurentine akafunikwa nalo. Kikohozi cha bombani kiliisha. Kila asubuhi na kila jioni Badibanga alipiga magoti mbele ya mama mkwe wake akamsafisha kile kidonda, kwa uangalifu kuliko alivyomfanyia mtu yeyote, naye Tshibola alifumba macho mpaka amalize, kwa kuwa hiyo ndiyo adabu pekee iliyowabakia. Waliongea sasa, moja kwa moja. Mama, umelala? Mama, umekunywa? Katikati yao hakuhitajika mtu. Ndaya alichota maji, akafua vitambaa, akaketi kando ya mlango, na ikiwa alisema "leo amekunywa uji vizuri," Badibanga alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia mama akamwuliza kama amekunywa uji.

Hakumpiga. Hakumtukana. Wanawake wa jirani walimwambia Ndaya kwamba ana bahati ya mume mpole.

Kadi haikuja mwaka ule.

Mwishoni mwa mvua maumivu yalifika. Yalifika asubuhi, ghafla, baada ya Badibanga kwenda kazini, na yalikuwa ndiyo yaleyale ambayo Ndaya aliyatunga wakati wa kiangazi: ya kupiga kama moyo, ya kupanda sikioni, ya kumfanya mtu mzima alie kwa sauti. Tshibola alijikunja sakafuni akakamata kitenge cha binti yake.

"Sasa inauma," alisema. "Ile uliniombeaka, Ndaya, imefika. Sasa umwambie."

Ndaya alimwachia mtoto jirani akakimbia. Alipita mbele ya nyumba zote za mstari wao bila viatu, akavuka uwanja wa posho, akaingia dispensari akasukuma watu. Sindano ya kutuliza ilikuwa ndani ya kabati la daktari, na neno la Badibanga lilitosha kulifungua. Yeye alikuwa ameinama juu ya mchimbaji mmoja, koleo mkononi.

"Tata Laurentine, mama anaumwa sana. Analia. Inapiga kama moyo."

Ni maneno yaleyale. Aliyasikia yanatoka kinywani mwake akatamani kuyarudisha atafute mengine, lakini hakuna mengine ya kusema jambo hilo. Badibanga aliinua kichwa akamtazama. Watu wote wa benchi walimtazama pia, na aliyekuwa ameshika shavu akasahau kulishika.

"Nitakuya kumuangalia mi mwenyewe," alisema Badibanga.

"Sasa hivi, Tata Laurentine. Ni ya kweli. Nakuomba."

"Nilisema nitaangalia mi mwenyewe."

Kwa miezi yote ile hakuna maneno ambayo Ndaya aliyataka zaidi ya hayo. Mumewe aliyasema taratibu, bila hasira, akarudi kwenye kinywa kilichokuwa wazi mbele yake, akavuta, akaligeuza jino kwenye mwanga wa dirisha, akaliangalia mzizi, akalitupa kwenye ndoo. Kisha akamwita anayefuata. Benchi lilikuwa limejaa siku hiyo.